Kilo Mbili za Umande

Miaka kumi na tisa nilisimama kibandani,
njia ya Suma, kalamu sikioni,
nikipima majani mabichi ya chai.
Mvua ya Rungwe haina adabu,
na jani lililolowa lina uzito usio wake,
kwa hiyo kila kapu nilikata kilo mbili.
Za umande, nikasema. Nikaandika.
Mama Tumpe Mwasandube alinitazama
mpaka wino ukauke.
"Karani, umande gani huu wa saa nane mchana?"
Sikumjibu. Foleni ilikuwa ndefu.

Sasa napanda mizani mimi.
Hospitali ya rufaa, Mbeya, chumba namba sita,
nesi anasema vua koti, vua viatu.
Sitini na nane, mwezi wa pili.
Hamsini na tisa, mwezi wa tano.
Leo hamsini na moja na nusu,
na koti sijavua: kuna baridi, naye amenionea huruma.

Nani anakata?
Umande gani huu?

Tulianza na jina dogo: vidonda.
Miaka mitatu duka la dawa pale stendi ya Tukuyu,
vidonge vya kutafuna, chupa nyeupe kama chokaa.
Nikaacha pilipili, nikaacha kande,
nikailaumu chai, mimi niliyesomeshwa na chai!
Kisha mpira mweusi wenye jicho ukashuka kooni
ukakiona kilichokuwa kikitangulia kula.
Daktari Anyosisye, kijana, bado ana chunusi,
alichora tumbo nyuma ya fomu
akalipaka wino karibu lote,
akatoa vimshale: ini. Tezi. Hapa pia.
Kisu kimechelewa, akasema.
Dawa ipo, tutaitundika,
lakini ni breki, mzee, siyo usukani.

Breki nazijua. Nimeteremka Mlima Nyoka
nyuma ya lori la viazi linalonuka mpira ulioungua.
Breki ni jambo jema.
Ila kuna mahali gari linatakiwa ligeuke.

Baada ya dripu, maji baridi yanachoma vidole,
na huku kwetu maji gani si ya baridi?
Sekela, mke wangu, ananipashia hata ya kunawa.
Supu ya ndizi, vijiko vinne. Cha tano tunabishana.
Na njaa (hilo sikulitarajia) njaa ninayo,
imekaa mlangoni kama mgeni
ambaye hakuna aliyemwambia karibu ndani.

Jumanne Mama Tumpe alikuja na mtindi kwenye kibuyu.
Alinipima kwa macho, kimya.
Nikaanza: zile kilo mbili, mama…
Akasema: "Kunywa kwanza."
Nilikunywa mafunda mawili. Moja lilirudi.
Hakusema amenisamehe. Alifuta sakafu.
Nikasema ndaga.

Daktari ameuliza kama kipande changu,
kidogo kama punje ya mchele,
kinaweza kubaki maabara
kwa wanaotafuta dawa nyingine.
Itanifikia? nikauliza.
Hapana, akasema. Hakukata kitu.
Nikasaini kwa mwandiko wa karani, tarehe na saa,
na penye nafasi ya maoni nikaandika:

Pimeni sawasawa.
Tunakuja tumechelewa kwa sababu jina dogo linauzwa dukani
na jicho la kuonea liko mbali, lina foleni.
Tafuteni dawa inayoijua njia ya tumboni
isiyopitia kwanza vidoleni mwa mtu.
Ikipatikana isiishie mjini,
ipande mpaka Suma, mwezi wa nne, barabara ikiteleza.
Siombi muujiza. Naomba usukani.

Nafasi ikaisha.
Nyumbani nimechukua karatasi nyingine:
makapu ya siku, mara siku za mavuno,
mara kilo mbili, mara miaka kumi na tisa.
Sekela anasema lala.
Nimefika mwaka wa nne.